Mngurumo wa Mshipa wa Bandia

Kochi lilianza kunguruma asubuhi, watu wakinywa chai.

Kilichotakiwa kunguruma katika nyumba ile ni mkono wa mama. Figo zake zilikuwa zimekufa, na madaktari walimwekea mshipa wa bandia, mrija laini chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, ili mashine ya kusafisha damu ipate pa kuchomekwa. Wa kwanza ulijibana ukaziba. Huu wa pili ulipakwa dawa ndani ili usijibane tena, na daktari wa upasuaji alisema bila kupepesa macho: huu ukifa, hakuna pengine pa kuweka, mwili mzima umeshachoka. Ukiweka sikio unasikia damu inavyopita, vuum, vuum, kama friji kuukuu. Binti yake wa mwisho aliweka sikio pale kila asubuhi. Ukinguruma, mama ana siku nyingine.

Kaka mkubwa aliitwa Meneja, kwa kuwa aliwahi kukaimu umeneja wakati meneja halisi anaumwa tumbo, na tangu hapo akawa haambiliki. Kochi liliponguruma chini yake, aliruka, chai yote ikamwishia mapajani.

"Umesikia?"

"Nimesikia," binti alinong'ona. Mama alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Sebuleni kulinuka chuma kilicholowa.

Kufikia adhuhuri sauti ilikuwa imehamia ukutani, ikapita nyuma ya kabati, ikaingia kwenye sufuria tupu jikoni mpaka kifuniko kikawa kinagonga chenyewe, tki-tki-tki, na harufu ile ikaifuata kila ilikokwenda, nzito, ya kukwama kooni, hadi ilipofika nyuma ya sikio la Meneja na kumwita taratibu, kwa kuvuta, "Meneeeja." Mwanaume mzima, na ndevu zake, akakimbilia chooni akajifungia. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kuleta mganga.

Mganga mwenyewe alikuja na viatu vya kung'aa na begi la ofisini, maana siku hizi hata utapeli una sare. Kochi hakulitazama. Ukuta hakuugusa. Aliuliza nani mgonjwa humu ndani, kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kubisha. Akamshika mama mkono, akaruka nyuma.

"Yumo! Anatetemeka humu humu! Mkono gani wa binadamu unanguruma?"

"Hiyo ni damu inapita, baba," binti alisema. "Hospitali wamekataza mkono huu kufungwa kitu chochote, hata saa."

"Funga mdomo! Wakubwa wanaongea," Meneja alifoka.

"Mwache mdogo wako aseme," mama alijikakamua. Nani amsikilize? Meneja alimkamata dada yake mikono yote miwili, na yule tapeli akafunga kitambaa chekundu juu ya kiwiko, akakaza, akakaza tena kwa goti, huku akibwata maneno ambayo hata yeye hakuyajua. Vuum ikapungua. Ikawa kama mbu. Ikakata.

"Ametoka," mganga alisema akijifuta jasho.

Meneja akapiga makofi. Astaghafirullah, zuzu lile! Damu ya mama yake imesimama, naye anapiga makofi! Na hapo kochi likacheka.

Binti alipochomoka na kukata kitambaa, mkono ulikuwa baridi na kimya. Walimkimbiza mama hospitali. Daktari wa upasuaji aliingia na mama chumba cha upasuaji, akahangaika, akatoka amenuna.

"Umeganda wote, na moyo nao hauhimili. Dawa iliyopakwa inazuia mshipa usijibane," alisema akimkazia Meneja macho. "Haizuii upumbavu."

Meneja alibaki mlangoni mwa wodi akilia, akijililia mwenyewe kama kawaida yake. Binti alikaa kitandani akiusugua ule mkono, na akiwa anausugua akasikia harufu ya chuma kilicholowa ikipanda kutoka chini ya kitanda, polepole, ikipita magotini, ikipita tumboni, na ndani ya harufu ile mkawa na mngurumo, na ndani ya mngurumo sauti.

"Damu yake ndiyo iliyokuwa inanizuia. Kaka yako amenifungulia njia. Niingie?"

Binti aliukumbatia ule mkono. "Utamfanya nini?"

"Nitaisukuma damu. Ataishi."

"Na utatoka lini?"

Harufu ikazidi kupanda. Mama alivuta pumzi, akachelewa kuvuta nyingine.

"Ingia," binti alisema.

Mkono ukapata joto. Vuum. Vuum. Muuguzi akapiga ukelele, daktari akaja mbio, akaweka kipimo chake, uso ukamchanua. "Nilijua tu! Mishipa hii ya kisasa, bwana, pamoja na mkono wa fundi!" Wauguzi wakampongeza, naye akapongezeka.

Mama alifumbua macho. Yalimpita daktari, yakamfikia Meneja, yakatulia hapo.

"Yule mganga anakaa wapi?" aliuliza, kwa sauti nzito isiyokuwa yake.

Meneja alianza kuutafuta mlango, na huku ameuegemea. Binti akamvutia mama shuka, akamfunika vizuri hadi kifuani.

"Pumzika kwanza," alimwambia. "Ukipata nguvu, nitakupeleka mwenyewe."