Rangi za Sumaiya

Harufu ndiyo iliyotangulia. Saada aliingia sebuleni alasiri akanusa majani mabichi yanayooza, harufu ya bonde lisilopata jua, na hii ilikuwa nyumba ya Hedaru, ambako hata mbu hutafuta unyevu kwa tochi. Alilisogelea tangi la kioo la mumewe. Maji ya chumvi hunuka chumvi. Haya yalinuka msitu.

Hamidu, mwenye duka la vifaa vya umeme kando ya barabara kuu, alikuwa amelipenda tangi lile kupita kiasi. Aliyemuuzia matumbawe kule Tanga alimweleza kwamba wale ni wanyama, si mawe, na chakula chao kikubwa ni mwanga. Basi sebule ikageuka duka la pili. Alianza na taa nyeupe ya kawaida, matumbawe yakawa ya kahawia kama ugoro. Akaleta ile kali ya kumulikia ua, ncha zikababuka. Mwishowe akafunga taa ya buluu, akaiongeza nguvu kidogo kidogo, na kila jioni akaizima wapumzike. Hapo rangi zikaja: kijani, zambarau, waridi. Majirani wakawa wanapiga hodi kuja kushangaa tu.

"Taa, mama Sumaiya. Siri ni taa," alijigamba. "Na maji. Ya kisima hapa yana magadi, nikapanda kwenu nikachota ya chemchemi ya mpungini, nikayatia chumvi ya bahari."

Saada alitua kikombe. Mpungi ni msitu wa ukoo wao huko mlimani, usiokatwa hata ufito.

"Kata ya kwanza uliirudisha?"

"Kata gani? Nilichota kwa madumu."

"Baba Sumaiya! Ya kwanza hurudishwa chemchemini, ni ya wenyewe, mizimu ya msitu. Usipowapa, wanayafuata maji yao."

"Wafuate, wapande basi," alisema Hamidu, akacheka. Saada hakucheka.

Binti yao alikuwa na miaka minne. Kila magharibi taa ilipozimwa, Sumaiya alikaa mbele ya kioo akinong'ona, akinyamaza, akiitikia. Kisha akaanza kupauka. Viganja vikawa vyeupe, midomo ikakosa damu. Hospitali walimpa dawa ya kuongeza damu, haikuongeza kitu. Siku moja Saada aliona tumbawe jipya limechanua katikati ya tangi, na rangi yake aliijua, kwa kuwa ndiyo aliyoibusu tangu mtoto azaliwe: rangi ya midomo ya Sumaiya.

Jioni hiyo Hamidu alizima taa akaenda msikitini, na Saada, aliyekuwa jikoni akichambua mchele, akasikia maji yakichotwa sebuleni, kata ikizama na kuinuka, kuzama na kuinuka, akaenda akinyata huku ile harufu ya majani ikizidi, akafungua pazia, akakuta taa imezimwa kweli lakini tangi linawaka, na mwanawe ameegemeza kiganja kwenye kioo, na kwa ndani, dhidi ya kiganja kile, kimebandikwa kingine, kidogo vilevile, ila vidole vyake vilikuwa virefu mno na havikuisha.

"Chukua na hii," Sumaiya alikuwa akinong'ona. "Mama hatakasirika."

Saada alimnyakua akatoka naye mbio, peku.

Kesho yake Saada alimwita shangazi yake, Maua, naye akashuka kutoka mlimani.

"Shika..." Saada alianza.

"Sss! Usiniamkie hapa, wasijue nani kaja." Mzee alinusa sebule kutoka mlangoni. "Yarudishwe, mwanangu."

"Yana chumvi, shangazi."

Maua alishika kiuno. "Chemchemi haipokei chumvi. Hakuna yaliyobaki matamu?"

Lilikuwepo dumu moja la kujazia tangi maji yanapopungua kwa joto. Hamidu, aliyekwisha kuona midomo ya mwanawe, hakubisha tena. Alilibeba begani, akapanda miguu mitupu hadi mpungini, akalimimina lote huku Maua akiomba radhi kwa Chasu, lugha ya huko mlimani. Ya tangini waliyamwaga shimoni nyuma ya nyumba, wakayafukia.

"Hayo ya chumvi," alinong'ona Maua akiaga, "mimi sijui yatalala wapi."

Sumaiya alipona. Midomo ikarudiwa na damu, akacheza, akagombania chapati. Saada alilia kwa furaha mbele za watu bila haya. Matumbawe yakafa yote, meupe pe.

Mteja alipoitaka taa ya buluu, Hamidu aliiwasha kwanza kuijaribu. Sumaiya akaja akikimbia, akasimama chini yake, akainua uso na kufumbua kinywa. Viganja vyake vikang'aa kijani. Midomo ikawaka waridi, ulimi zambarau.

Saada alirukia swichi.

"Usizime, mama," alisema mtoto kwa upole. "Bado tunakula."