Ufa wa Bonifasia

Wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milima ya Mbinga, Egidi alipata fedha akanunua mashine ya kusaga. Mkewe, Bonifasia, ndiye aliyesaga. Alijivunia kazi hiyo waziwazi. Akina mama hawakuvuka tena bonde wakiwa na madebe kichwani.

Baada ya miezi miwili ukuta wa chumba cha mashine ukapata ufa. Egidi, mjuzi wa kila kitu, akakaza nati za mashine. Ufa ukazidi.

Mwenyekiti wa kijiji akamjia juu Bonifasia. "Mama Beata, ukuta huu utaua watu. Ijumaa naifunga mashine."

Alhamisi akafika Damiano, mtoto wa kaka yake Egidi. Alikuwa Liuli akipima mitikisiko ya ardhi kando ya ziwa.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umetukuta pabaya."

Damiano alitazama ufa, kisha akaweka kikasha cha chuma sakafuni.

"Hiki kinapima mtikisiko wa pande tatu: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma."

"Kwani macho yangu hayatoshi?"

"Mtikisiko wa polepole huwezi kuuona wala kuusikia, mama. Tena vipimo vingine vina kelele za umeme ndani yake, zinazoufunika. Hiki kimetulia."

Mashine ikawashwa. Kwenye kompyuta ya Damiano ikatokea mistari mitatu.

"Juu na chini ni kidogo tu. Nati hazina kosa," alisema Damiano. "Lakini sakafu inayumba kwenda kando, polepole. Chini ni laini. Hapa palikuwa na nini?"

Bonifasia aliona haya. "Ngoro zangu, mashimo ya kulimia mahindi mlimani. Mashimo yale niliyafukia mwenyewe kwa nyasi na udongo, nikashindilia kwa miguu."

"Na mimi nimegombana na nati bure!" Egidi akacheka.

"Nyasi zimeoza," alisema Damiano. "Chimbeni mpaka udongo mgumu. Msingi wa mashine ujengwe peke yake, kwa mawe na saruji. Usigusane na ukuta."

Mwenyekiti alikubali kuwapa wiki tatu. Walichimba, wakajenga, wakaziba ufa. Damiano akapima tena. Mstari ule wa kando ulikuwa umelala.

Mwenyekiti alikuja na mkewe, lakini hakuamini kompyuta. Bonifasia akamwambia, "Weka mkono ukutani, baba."

Mashine ikanguruma. Mwenyekiti aliuacha mkono wake pale muda mrefu.

"Umetulia," alisema mwishowe. Kisha akamgeukia mkewe mlangoni: "Kalete mahindi."