Nivumilie

Jambo la mwisho la kawaida kutokea jioni ile ni kwamba rafiki yangu mwalimu alipangusa santuri, akaipiga albamu aliyoipenda sana marehemu mkewe. Mkewe aliipenda kwa sauti ya mwimbaji, lakini neno moja alilikosea miaka yote. Mwimbaji aliimba "nivumilie". Yeye aliimba "nifungulie".

"Mama watoto, unauharibu wimbo," mwalimu alizoea kumtania.

"Ndio utamu wake, bwana wee."

Jioni hiyo umeme ulikatika katikati ya wimbo na santuri ikanyamaza. Gizani, nje ya mlango, sauti ikaendelea taratibu: "Nifungulie."

Mwalimu alisimama na ufunguo mkononi mpaka sauti ikakoma. Hakufungua.

Asubuhi alimwita fundi aking'oe kitasa cha mlango ule.

"Na wezi, mwalimu?"

"Na wao waingie."