Matanga Yasiyoanuliwa

Saa kumi na mbili jioni, kama kawaida, Mbusa aliitika.

"Biakoli, hapa ni kituo cha Abeko, Mbusa anasema. Mvua imenyesha muchana yote. Siafu bameingia tena kwenye sukari. Bonde iko salama." Akakohoa kile kikohozi chake cha moshi wa kuni, kisha akaongeza, "Mumuambie mama yangu aniwekee sombe."

Katika chumba cha redio mjini Biakoli, Mama Kyakimwa aliangua kicheko. Alikuja pale kila jioni kumsikia mwanawe, na hakukosa bakuli la sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, mapajani, asije akatokea mtu wa kwenda Abeko.

"Sombe, sombe," alisema. "Utasema bibi yake hapikake."

Kavugho, huyo bibi mwenyewe, alicheka pia bila kugeuka kutoka kwenye mitambo yake. Alikuwa amejifunza kucheka. Mbusa mumewe alikuwa amekufa tangu mvua zilipoanza. Mlinzi mwenzake alimzika msituni haraka haraka, bila jeneza na bila wimbo, kisha akakimbia kuokoa roho yake. Aliyekuwa akiitika redioni ni mashine, na mashine yenyewe aliitengeneza Kavugho.

Mashine ile iliitwa Kiitikio. Hifadhi ya Abeko ilikuwa inalindwa na ndege wa chuma walioitwa mwewe, ambao walimwona mtu chini ya majani kwa joto la mwili wake na kumpiga kabla hajainua sururu. Lakini baada ya yale yaliyotokea katika vita vilivyopita, sheria ya mataifa ilikataza mashine kuua kwa uamuzi wake yenyewe. Mwewe haruki mpaka mtu aliye hai, aliyesimama palepale kituoni, aweke kiganja chake kwenye kufuli. Mlinzi akifa, mwewe amelala. Wachimbaji wenye bunduki walilijua hilo vizuri, kwa hiyo kazi yao ilikuwa kusikiliza redio tu. Kituo kikikosa kuitika jioni, asubuhi pampu na sururu zimefika, na wiki inayofuata mto umekuwa tope.

Walinzi waliendelea kufa na serikali iliendelea kuahidi. Ndipo Kavugho alipounda akili mnemba iliyosikiliza mazungumzo yote ya mlinzi redioni, miaka na miaka, ikajifunza utani wake, manung'uniko yake na namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema uongo mdogo. Mlinzi alipokufa, Kiitikio kiliitika badala yake. Vituo vitupu vikaanza kulalamikia siafu, na wachimbaji hawakusogea hata hatua moja.

Familia za marehemu ndizo zilizolipa. Ziliapishwa kunyamaza. Hakuna kunyoa nywele, hakuna kutandika mkeka, hakuna kulia kwa sauti inayofika barabarani. Kavugho mwenyewe aliwaendea wajane, akawashika mikono, akawaomba wavumilie kwa ajili ya msitu, kisha akarudi nyumbani akala na kulala. Sasa alikuwa anajua aliwaomba nini.

Mama Kyakimwa hakuambiwa. Kila asubuhi Kavugho alisema leo nitamwambia, na kila jioni mama alikuja na bakuli lake.

Na bonde halikuwa jambo dogo. Nyuma ya kituo cha Mbusa ndiko okapi, wanyama wa msituni wa jamii ya twiga, walikokwenda kuzaa, nao walikuwa hawana bonde jingine. Ndama wa okapi hufichwa kichakani na mama yake karibu miezi miwili, na amefundishwa na maumbile kulala kimya hata akisikia hatua za mtu. Wachimbaji wangehitaji msimu mmoja tu kuwamaliza. Chini ya vichaka vile kulikuwa na dhahabu, na hilo nalo halikuwa siri.

Jioni moja Mama Kyakimwa aliingia bila bakuli. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliomba kusema mwenyewe na mwanawe, na Kavugho, aliyekosa sababu ya kumkatalia, akampa kipaza sauti.

"Mbusa, baba yako mukubwa amekufa leo asubuhi."

Kiitikio kilinyamaza kidogo, kama kilivyofundishwa kunyamaza mbele ya habari nzito.

"Pole sana, Mama," kilisema kwa sauti ya Mbusa, iliyokatika mahali inapopaswa kukatika. "Pole na musiba. Mungu akupe nguvu."

Mama alikirudisha kipaza sauti mezani polepole. Kavugho alidhani yamepita.

"Ule haiko mutoto yangu," Mama alisema.

"Mama?"

"Pole njo neno ya mutu wa inje. Jirani anasema pole. Mutu wa nyumba hasemi pole. Anasema tumefiwa, analia." Alimtazama mkwe wake usoni. "Mbusa iko wapi?"

Kavugho alielewa kosa palepale, kwa sababu ndiye aliyelifanya. Alikuwa amekilisha Kiitikio maneno ya redioni, na redioni walinzi walipeana pole kwa misiba ya wenzao. Msiba wa mtu mwenyewe haukuwahi kusemwa redioni. Mtu alishuka mjini, akalia na watu wake.

Akamweleza yote. Alitegemea ukelele, lakini Mama alisikiliza mpaka mwisho, akijifunga na kujifungua upindo wa kitenge chake.

"Mumuzime," alisema.

"Mama, nikimzima watajua kituo ni kitupu. Bonde litakwisha."

"Bonde minaijua. Mumuzime, nimulilie mutoto yangu." Kisha akaushika mkono wa Kavugho. "Na weye ulie bwana yako. Juu ya nini ungali unatembea na nywele kichwani?"

Hapo Kavugho alishindwa. Alikizima Kiitikio, akafungua njia ya redio inayosikika na kila mtu msituni, adui na rafiki, akasema kwamba Mbusa wa kituo cha Abeko amekufa, na kwamba matanga yake yanaanza leo nyumbani kwa mama yake.

Iliyojibu haikuwa sauti ya mlinzi.

"Mama, njo Alimasi. Poleni na musiba."

Alimasi alikuwa pedeje, kama wanavyoitwa wakubwa wa machimbo, na watu wake walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya mto wa Abeko. Jina hilo la kito alipewa na baba yake, masikini, aliyekuwa mkulima wa mpunga na hakuwa na habari na mashimo. Alimasi alikulia katika ua mmoja na Mbusa. Walikula chungu kimoja, na chungu kilikuwa cha Mama Kyakimwa.

Mama alikichukua kipaza sauti. "Alimasi, njo weye ulimuua?"

Redioni Alimasi alisikika akiwanyamazisha watu wake.

"Batoto yangu njo balimupiga risasi, Mama, na tulizani alipona. Miye sikukuwa pale."

"Sombe yangu ulikula."

"Nilikula, Mama." Sauti yake ilishuka. "Nasema mbele ya batu yangu yote. Hakuna mutu atapiga sururu kule Abeko mupaka matanga iishe."

Katika nchi ile hakuna anayetia jembe ardhini matanga yakiwa bado. Hata mkulima mwenye njaa hungoja. Na wachimbaji ndio wanaoiogopa ardhi kuliko watu wote, kwa kuwa wao huingia ndani yake na kuiomba iwaachie njia ya kutokea. Kavugho alimwona Mama akitulia ghafla na kufikiri. Alisema tu, "Tandika mukeka."

Walinyolewa pamoja. Usiku na mchana ule Kavugho alilia machozi yote aliyokuwa ameyameza tangu mvua zianze, akalia mpaka sauti ikamkauka, na wale wajane wengine wakaja wakalia naye, kila mmoja mume wake, wakitaja jina la Mbusa tu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afiwe kupata usingizi wa kweli.

Siku za kuanua matanga zilipofika, ndugu walichemsha maji na kuandaa chakula cha mwisho. Mama Kyakimwa alikataa kuinuka. Walidhani ni huzuni, wakamwacha. Waliporudi tena alikataa tena. Jumapili iliyofuata Alimasi aliuliza redioni, kwa heshima zote, "Mama, matanga imeisha?"

"Bado," Mama alijibu.

Ndugu walirudi makwao, maana watu wana mashamba. Mkeka ukabaki na mtu mmoja na redio ya mkononi. Kila Jumapili Alimasi aliuliza, na kila Jumapili alijibiwa neno lilelile. Watu wake walimnung'unikia, wengine wakamtoroka, lakini neno alikuwa amelisema mbele yao na hakuweza kulimeza. Ng'ambo ya mto sururu zilipata kutu. Katika picha za kamera zilizofichwa mitini, Kavugho aliona ndama wakitoka vichakani, miguu yao yenye milia ikitetemeka. Alikwenda kumsimulia Mama kila ndama aliyemwona. Mama aliuliza jambo moja tu, kama ndama alikuwa na mama yake.

Wapo leo wanaoisimulia habari hii kama sifa za ushujaa, wakipiga makofi. Hawakumsikia Mama akikohoa. Sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya udongo, na msimu wa mvua unyevu ulipanda mpaka kwenye mkeka. Mwenye matanga halali kitandani, naye alikataa kudanganya hata kwa usiku mmoja. Kifua kilimkamata. Daktari alitaka alazwe hospitali, Mama akamwambia asante na asubuhi njema.

"Inuka, Mama," Kavugho alimsihi, akipiga magoti. "Wacha waingie. Wacha wachimbe mpaka washibe. Nimeshapoteza mmoja."

"Mutoto yangu alikufa juu ya ile bonde. Bakiingia, alikufia nini?"

"Na wewe ukifa?"

Mama alimpapasa kichwa, mahali nywele zilipokuwa zimeanza kuota. "Iko baridi," alisema. "Uniletee chai."

Kavugho aliuchukia msitu siku hiyo. Aliwachukia okapi kwa macho yao makubwa yasiyojua chochote, akamchukia Alimasi kwa kulishika neno lake, na zaidi ya wote alijichukia yeye mwenyewe. Kisha akaenda kuchemsha chai.

Mama Kyakimwa alikufa Jumapili asubuhi, ameegemea ukuta, redio ikiwa mkononi.

Jioni ile Kavugho aliingia chumba cha redio ili atangaze. Akakuta taa ya Kiitikio inawaka. Alikuwa amekiwasha tena kwa ajili ya vituo vingine, na hakuna aliyekikataza kusikiliza njia ile ya Jumapili. Kwenye kioo kulikuwa na maneno machache: Sauti mpya iko tayari. Alibonyeza aijaribu.

"Bado," Mama alisema.

Palikuwa na kikohozi ndani yake, na kile kiburi kidogo cha mama aliyekataa kuamrishwa. Kavugho akabonyeza tena, na safari hii si kwa ajili ya bonde. Alitamani tu kumsikia Mama. Kwa sauti ile Alimasi angengoja mpaka azeeke. Okapi wangezaa, na watoto wao wangezaa, na gharama yake ingekuwa kumnyima mwanamke mmoja kilio, kama alivyowanyima wengine. Tena huyu hakuwa na mama wa kuja kulalamika.

"Mama," Alimasi aliita redioni. "Matanga imeisha?"

Kidole cha Kavugho kilikuwa juu ya kitufe. Alimasi akaita mara ya pili, na safari hii alikuwa na wasiwasi.

"Alimasi, ni Kavugho," alisema hatimaye. "Mama amefariki leo asubuhi."

Akangoja aambiwe poleni. Alitaka sana kuambiwa poleni. Mtu yule alimuulia mume, na mkeka ule ambao Mama alikufa juu yake ni yeye aliyesababisha utandikwe. Akisema poleni atakuwa mtu wa nje, na mtu wa nje ni rahisi kumchukia.

"Tumefiwa," Alimasi alisema.

Halafu alilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, kwenye njia ya redio inayosikika na kila mtu msituni, na hakuna kati ya watu wake aliyethubutu kumnyamazisha. "Tumefiwa, Kavugho. Mama yetu. Tumefiwa."

Kavugho alitaka kumwambia kwamba hana haki ya kumlilia. Alikaa akimsikiliza aliyemuulia mume akimlilia mama yake, mpaka naye akaanza kulia, na kwa muda walilia pamoja, mmoja huku na mmoja kule, bila kusemeshana.

Kisha aliifuta ile sauti kwenye Kiitikio, akatoka kwenda kuutandika upya mkeka wa matanga, ya Mbusa na sasa ya Mama, kwa kuwa nyumba ile haikuwa imebakiwa na mtu mwingine wa kuukalia.