Asubuhi Baba Aliposhindwa Kusema

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rustika alimsaidia baba yake, Egidi, kupanga vifaa vya kutengenezea baiskeli barazani kwao, mtaa wa Chemchem mjini Tabora. Wiki ile baba alikuwa na mafua makali na homa. Mama, kabla ya kupanda treni kwenda Bukene kumwuguza dada yake, alimsihi aende hospitali.

"Mafua tu haya," baba alicheka. "Yataisha yenyewe."

Siku ya sita, Rustika alimletea uji. Kikombe kikamponyoka baba.

"Baba, umeungua?"

Alijaribu kujibu, lakini maneno yalitoka yamevurugika. Mdomo ulikuwa umelegea upande wa kulia, na mkono wa kulia ulining'inia tu. Rustika akapiga kelele. Jirani yao, Mzee Adinani, akaja mbio.

"Huo ni upepo mbaya," alisema. "Tumlaze, tumpake mafuta ya nyonyo. Akiamka atakuwa sawa."

Rustika hakuzoea kumpinga mtu mzima. Hata hivyo, alimsogelea mzee.

"Samahani, babu. Mwalimu Advera alitufundisha: uso ukilegea, mkono ukiishiwa nguvu, na maneno yakipotea, hicho ni kiharusi. Tukichelewa, ubongo unazidi kuumia."

"Kiharusi? Baba yako bado kijana!"

"Nakuomba, babu. Twende hospitali ya Kitete sasa hivi."

Mzee alimtazama, kisha akakimbilia barabarani kusimamisha bajaji.

Hospitalini daktari aliuliza, "Ameanza lini?"

"Saa moja kasorobo. Nilikuwa nampa uji."

Baada ya vipimo, daktari aliwaeleza. "Damu imeganda ikaziba mshipa wa ubongo. Mafua makali yanaweza kuleta hali hiyo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu asilolijua. Mmefanya vizuri kuwahi."

Baba alipata dawa, kisha mazoezi ya wiki nyingi, mama, aliyerudi kutoka Bukene, akiwa kando yake. Jumapili moja baada ya misa, majirani walipojaa nyumbani, baba alisimama mwenyewe, akasema polepole:

"Namshukuru Mungu. Nawashukuru wauguzi, na jirani yangu aliyekubali kumsikiliza mtoto."

"Mimi ndiye wa kushukuru," alisema Mzee Adinani. "Ningekulaza, ningekupoteza."

Baba akamgeukia Rustika. "Mafua yakizidi, mtu akapimwe, asijifanye shujaa kama mimi. Na wewe, mwanangu, umetuonyesha kuwa heshima si kunyamaza. Ulisema kwa adabu ukweli unaoujua, siku ambayo mimi sikuweza kusema lolote. Asante."