Maji ya Mtungi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Savsan aliteremka mtoni peke yake. Zamani aliteremka na mama yake, wakibishana nani abebe ndoo kubwa. Sasa mama na baba walikuwa Urusi, mama akisafisha vyumba vya hoteli na baba akijenga maghorofa. Nyumbani alibaki yeye na Bibi, na Bibi masikio yake yalikuwa mazito. Mtu unaweza kumpenda, ukashinda naye kutwa nzima, na bado ukakosa wa kuzungumza naye.

Mto Zarafshon ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Theluji ya milimani ilikuwa inayeyuka na kushusha udongo wa kila kilima. Savsan alichota, akapanda mpaka nyumbani, akamimina kwenye mtungi mkubwa uliokaa kivulini, kama walivyofanya watu wote kijijini. Tope lilituama chini, na kesho yake maji ya juu yakawa maangavu, tayari kwa chai.

Siku hizo alikuwa na kazi nyingine pia. Mhandisi mmoja kijana, Shahnoza, alikuwa amekuja kutoka mjini kuchunguza kama maji ya mto yangeweza kusafishwa na kuletwa kijijini kwa mabomba. Alimkabidhi Savsan chupa safi.

“Kila asubuhi chota katikati ya mto, pale darajani, ufunge vizuri. Nitapitia kila Alhamisi,” alisema. “Nikishapima, naiambia kompyuta. Naiambia na habari za mvua na theluji, nayo inanibashiria mto utakuwaje miezi ijayo. Hapo ndipo tunajua tujenge chujio la namna gani.”

Asubuhi ya kwanza Savsan alichota darajani, akainua chupa, akaona aibu. Maji yalikuwa tope tupu! Bibi alikuwa amemfundisha kwamba mgeni hapewi maji machafu, hata kama nyumbani hamna mkate. Basi akayamwaga, akaenda kujaza chupa kwenye mtungi. Hakuona kosa lolote, kwani yale nayo si yalitoka mtoni?

Alhamisi Shahnoza aliinua chupa juani, macho yakamtoka. “Mashallah! Nyinyi mna mto au chemchemi?”

Akacheka, akaketi uani, akanywa chai. Aliuliza habari za shule, habari za mama, habari za rafiki yake Savsan aliyehamia mji mkuu, Dushanbe. Savsan akaongea mpaka ulimi ukamkauka. Gari lilipoondoka, ua ulikuwa kimya mno hata akaosha upya vikombe vilivyokuwa safi.

Alhamisi nyingine zikafuata, na kila mara chupa zilitoka mtungini. Shuleni wasichana walimwita Bi Chupa. “Shoga, mto haujambo leo? Umekusalimia?” walimtania, kisha wakaenda zao wameshikana mikono.

Ikafika siku ya mkutano katika ua wa shule. Shahnoza alisimama mbele ya wanakijiji akiwa na furaha.

“Mto wenu hauna tope jingi,” alisema. “Bwawa la kutuliza maji mpaka tope lizame halihitajiki. Chujio dogo na dawa ya kuua vijidudu vitatosha.”

Mzee mmoja akakohoa. “Binti, na hili tope tunaloliona kila siku?”

“Hilo ni la kando, baba. Lingekuwa jingi katikati ningeogopa, maana vijidudu hujificha kwenye tope na dawa isivifikie, watoto wakaharisha. Lakini Savsan amenichotea katikati, kila asubuhi. Jamani, mpigieni makofi!”

Makofi yakalia. Nozanin, kiongozi wa wale wasichana, akasogea kwenye benchi, akapiga-piga nafasi iliyobaki. “Njoo ukae hapa na sisi.”

Ilikuwa nafasi ndogo tu, lakini Savsan alikuwa ameitamani tangu majira ya baridi. Angenyamaza, angeketi. Akawatazama watoto wadogo waliokaa chini mbele.

“Dada Shahnoza,” akasema, “yale si maji ya mto. Ni ya mtungi.”

Watu wakatazamana. Kisha mtu akaangua kicheko, na wengine wakafuata. “Bi Chupa katuuza!” Mkono wa Nozanin ukarudi mapajani. Savsan akakimbilia nyumbani akilia.

Shahnoza alimkuta kando ya mtungi, akaketi chini naye. “Kwa nini, mdogo wangu?”

“Wewe ni mgeni. Ningekupaje maji machafu? Halafu… ulifurahi. Niliogopa usingekuja tena.”

Shahnoza alichungulia ndani ya mtungi. “Nami nimekosa. Nimepita daraja lile kila wiki, nikaiamini chupa kuliko macho yangu. Sikiliza, Savsan. Kompyuta haijawahi kuuona mto huu. Inajua tulichoiambia tu. Sasa tunafuta vipimo vyote na kuanza upya, na bwawa tutalijenga. Ukitaka kuniheshimu, niletee maji kama yalivyo.”

“Kumbe utakuja tena?”

“Mpaka theluji iishe.”

Jioni ya Ijumaa mama alipiga simu kama kawaida. “Mzima, mwanangu?”

Kila wiki Savsan alijibu kwamba yuko sawa kabisa. Akafungua mdomo kusema vilevile. Dirishani ilikuwapo chupa ya siku ile, ya rangi ya udongo.

“Mama, siko sawa. Nyumba iko kimya. Sina wa kucheza naye.”

“Mbona siku zote unaniambia uko sawa?”

“Sikutaka uhuzunike.”

“Savsan wangu,” mama alisema, na sasa alikuwa analia. “Baba yako alitaka tukae mwaka mwingine, nikakubali, nikidhani umeshazoea. Huku tunapanga maisha yetu kwa yale unayotuambia. Ukinificha, nitajuaje la kufanya? Mtu anayekupenda mwambie ukweli, hata kama ni mchungu. Haya, anza tena. Niambie yote.”

Savsan akavuta pumzi, akaanza.