Herufi Zilizomwita Dorcas

Herufi zilikuwa zimelowa. Enoch Pryddle, mchapaji wa mabango mjini Todmorden, alipitisha kidole juu yake akakinusa: tope la mfereji. Paa halikuvuja, na fremu ya chuma iliyozibana haikuguswa tangu Machi. Sasa ilikuwa Oktoba.

Zilikuwa herufi za mti wa mpea, nene, zenye miguu ya mraba kama matofali. Hazikuchongwa kwa ajili ya vitabu. Zilichongwa zisomwe kutoka ng'ambo ya barabara: mnada wa ng'ombe, sarakasi, treni ya matembezi. Mwezi Machi Enoch alizipangia bango jingine: AMEPOTEA DORCAS PRYDDLE, MIAKA TISA. Likabandikwa hadi Hebden Bridge, mji wa jirani. Mtoto hakuonekana, hai wala maiti. Na Enoch, ambaye kila kazi ikiisha huzirudisha herufi visandukuni siku hiyohiyo, hakuweza kulifumua jina la binti yake.

"Amekuja tena," mkewe Hester alinong'ona mlangoni. "Jana adhuhuri, ulipokwenda kununua karatasi. Alikaa pale chini ya meza."

"Akasema nini?"

"Kwamba ana baridi."

Enoch akamwita Thirza Ogden, mwanamke aliyeagua watu pale bondeni. Thirza aliitazama fremu, asiiguse.

"Pryddle, una akili wewe? Umeita kwa sauti kubwa namna hii, halafu hukunyamaza. Miezi saba! Kuna kilichosikia."

"Ni mwanangu," Hester akasema.

"Mwanao alikuwa na kivuli, mama. Huyu anacho?"

Hester akainamisha kichwa.

"Fumua," Thirza akamwambia Enoch.

Enoch akalegeza kabari zilizozikaza herufi ndani ya fremu. Alipochomoa herufi ya kwanza maji yalianza kutoka ndani ya mbao, matone tu, kisha yakatiririka mezani na kushuka sakafuni, na harufu ya tope ikajaa chumba kizima ingawa jua lilikuwa linawaka dirishani, na chini ya meza kitu kikawa kinagonga, polepole, kama goti la mtoto anayetetemeka, na sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikasema baba, usinifumue, baba, nitakwenda wapi mimi, naye akazidi kuchomoa, haoni kwa machozi, akizitambua herufi kwa vidole, mpaka jina likawa halipo tena.

Kimya.

Thirza akajitanda shali. Enoch alimsindikiza hadi darajani.

Aliporudi alimkuta Hester mezani, mikono ya gauni imelowa. Alikuwa anapanga. D. O. R.

"Hester. Yule siye mwanetu."

"Najua siye," akajibu bila kugeuka. "Lakini wetu haji."

 Enoch akavuta kisanduku, akaitafuta C, akaifuta kwa aproni yake, akampa.